Grim Fandango Baada ya Windows 98: Toleo, Utendaji na Swali la Matini katika Uhakiki wa Mchezo wa Kompyuta

Ikisiri

Makala hii inahakiki mchezo wa kompyuta wa Grim Fandango (LucasArts, 1998) kwa kuzingatia hali yake baada ya mfumo endeshi ulioundiwa kukoma kuhudumiwa. Hoja kuu ni kwamba njia zinazotumika leo kuuchezesha mchezo huo si nakala za matini moja, bali ni matukio tofauti ya utendaji, na tofauti hizo zinagusa maana. Kwa kuazima dhana ya utendaji kutoka taaluma ya fasihi simulizi, na desturi ya kutaja mswada kutoka taaluma ya tenzi za Kiswahili, makala inalinganisha uchezaji kupitia ScummVM na toleo lililohuishwa la mwaka 2015. Inadaiwa kwamba mhakiki asiyetaja toleo alilolicheza bado hajasema anahakiki nini.

Utangulizi

Tarehe 11 Julai 2006 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma kwa mfumo endeshi wa Windows 98. Kwa watumiaji wengi wa ofisini na nyumbani siku hiyo ilipita bila kishindo, kwa kuwa walikwisha kuhamia Windows XP. Kwa mhakiki wa michezo ya kompyuta, hata hivyo, tarehe za aina hiyo zina uzito ambao historia ya kitabu haiujui. Riwaya iliyochapwa mwaka 1998 inasomwa leo kwa macho yaleyale na katika karatasi zilezile. Mchezo wa kompyuta wa mwaka huohuo hausomwi. Hutendwa, na mtendaji wake wa kwanza si mchezaji bali mashine. Mashine ikibadilika, mchezo unaweza kukataa kuanza, ukaanza bila sauti, au ukaanza vizuri kabisa na kumkwamisha mchezaji baada ya saa nyingi.

Ni vema kubainisha maana ya kukoma kwa huduma, kwa sababu mara nyingi mjadala huchanganya mambo. Mfumo usiohudumiwa haufi siku ile. Kompyuta ya Windows 98 iliyohifadhiwa vizuri itawaka leo kama ilivyowaka zamani. Kinachokoma ni uangalizi: hakuna tena viraka vya usalama, na polepole watengenezaji wa maunzi wanaacha kuandika programu viendeshi za mfumo huo. Baadaye mifumo mipya nayo inaacha kuzipokea programu za zamani. Windows za biti 64 haziendeshi programu za biti 16, na michezo mingi ya miaka ya 1990, hata ile iliyokuwa ya biti 32 yenyewe, ilisambazwa pamoja na programu ya kusakinisha ya biti 16. Nyumba ni nzima, mlango ndio uliooza. Mwaka 2015 Windows 10 ilikuja bila kukipokea kiendeshi cha SafeDisc, mfumo wa kuzuia kunakili diski, kwa kuwa kilikuwa na udhaifu wa kiusalama. Matokeo yake yalikuwa kinaya kitupu: diski halali iliyolipiwa ilikataa, ilhali nakala iliyovunjwa kinga iliendelea kufanya kazi. Mwaka 2019 Apple nayo iliacha programu za biti 32 katika macOS Catalina, na michezo mingi ya Mac ikanyamaza kwa siku moja.

Maswali ya kiufundi yana wataalamu wake. Makala hii inashughulikia swali la kihakiki linalofuata: mtu anapoucheza leo mchezo wa namna hiyo kwa njia yoyote ile na kisha akauandikia uhakiki, je, anaandika kuhusu matini ipi?

Utendaji kama chombo cha uchambuzi

Taaluma ya fasihi simulizi imeishi na swali hili kwa muda mrefu. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba kazi simulizi haipo kikamilifu nje ya kutendwa kwake. M. M. Mulokozi naye ameiweka fasihi simulizi katika mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Kwa mtazamo huu ngano iliyonukuliwa kitabuni ni kumbukumbu ya ngano. Si ngano yote.

Sidai kwamba mchezo wa kompyuta ni fasihi simulizi. Hauna mapokezi ya mdomo, na faili zake hazibadiliki kila zinapofunguliwa. Ninachoazima ni wazo moja tu, kwamba kilichohifadhiwa na kilichotendwa ni vitu viwili. Katika diski mbili za Grim Fandango kuna data ambayo haijabadilika tangu 1998. Data hiyo peke yake haina Manny anayetembea wala muziki unaopanda anapoingia mahali. Ili hayo yatokee panahitajika kichakata, kadi ya picha, kadi ya sauti, mfumo endeshi na mtu mwenye vidole. Mambo sita ya Mulokozi yanapata wenzao humu bila kulazimishwa, isipokuwa moja lenye utata: mchezaji ni fanani na hadhira kwa wakati mmoja, na mashine nayo ni fanani mwenzake asiyeonekana.

Kuna mtazamo unaopinga, nao una nguvu miongoni mwa wahifadhi wa michezo. Husema kwamba matini halisi ni mchezo unapochezwa kwenye mashine ya enzi yake, skrini ya kioo kinene ya enzi yake na mfumo wa enzi yake. Mengine yote ni makisio. Naukubali msimamo huo kama nidhamu ya makumbusho, lakini kama nadharia ya matini haukidhi. Hata mwaka 1998 hapakuwa na mashine moja. Grim Fandango iliuzwa kwa watu wenye kompyuta za kasi tofauti, wengine wakiwa na kadi ya kuharakisha picha za pande tatu na wengine wakiiachia programu yenyewe ichore. Utendaji wa asili haukuwa mmoja. Ulikuwa mwingi tangu siku ya kwanza.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hapaswi kushtushwa na hali hii. Hakuna anayeandika tasnifu kuhusu Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir bila kusema anatumia toleo la nani: la William Hichens la mwaka 1939, la James de Vere Allen la mwaka 1977, au mswada wenyewe. Sababu haiko katika tofauti za beti pekee. Utenzi ulipohamishwa kutoka hati ya Kiarabu kwenda hati ya Kirumi, mhariri alilazimika kuamua mambo ambayo hati ya kwanza iliyaacha wazi, kwa kuwa hati ya Kiarabu kama ilivyotumika pwani haikutofautisha kila irabu na kila konsonanti ya Kiswahili. Maamuzi hayo ni tafsiri. Anayehamisha mchezo kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine yuko katika nafasi ya mhariri huyo: anakuta mambo ambayo mashine ya kwanza iliyafanya bila kuyaandika popote, naye lazima aamue.

Mchezo wenyewe

Grim Fandango, iliyoongozwa na Tim Schafer, ni hadithi ya Manuel “Manny” Calavera, wakala wa safari katika Idara ya Kifo. Yeye mwenyewe ni marehemu, na anafanya kazi ili kulipa deni la maisha yake ya duniani. Kila roho inayowasili Nchi ya Wafu ina safari ya miaka minne mbele yake, isipokuwa walioishi vema, ambao hustahili tiketi ya treni iitwayo Number Nine, inayomaliza safari hiyo kwa dakika nne. Manny anagundua kwamba tiketi za watu wema zinaibwa na genge la Hector LeMans. Meche Colomar, mwanamke ambaye kwa matendo yake alistahili treni, ameachwa aende kwa miguu. Manny anamfuata akiwa na Glottis, dereva wake wa jamii ya mapepo, katika sehemu nne zinazoangukia Siku ya Wafu ya miaka minne mfululizo. Taswira za mifupa zimetokana na sanaa ya Meksiko ya Siku hiyo, na mwendo wa hadithi umetokana na filamu za Marekani za upelelezi za miaka ya 1940. Muungano huo ungeweza kuwa mapambo matupu. Unaokolewa na maandishi yake: mazungumzo ni makali, yenye ucheshi mkavu, na yanamwamini msikilizaji.

Katika ulimwengu huu wafu wanaweza kufa tena. Anayepigwa risasi yenye kemikali ya kuotesha huchipua maua mwilini mpaka anageuka bustani. Ni rahisi mno kulifanya jambo hili kuwa sitiari ya mchezo uliopoteza mfumo wake, na baadhi ya wapenzi wa mchezo wameshawishika hivyo. Nadhani sitiari hiyo inaupotosha mchezo. Kifo cha pili katika Grim Fandango ni uhalifu wenye mtendaji na nia. Windows 98 haikuuawa na mtu. Kinachofaa zaidi kulinganishwa ni ofisi ya Manny: roho iliyo kamili, yenye stahili zote, inayokwama kwa sababu hati zake hazipatikani mezani. Baada ya LucasArts kuacha kuuza diski, mchezo huu haukuuzwa kwa njia halali ya kidijitali hadi mwaka 2015. Kampuni ya Disney iliinunua Lucasfilm mwaka 2012 na kufunga kazi ya uundaji michezo ya LucasArts mwaka 2013. Katika kipindi hicho chote data ilikuwepo na wachezaji walikuwepo. Aliyekosekana ni mwenye mamlaka ya kugonga muhuri.

Shingo ya Manny

Michezo ya visa ya LucasArts iliyotangulia ilichezwa kwa kishale na kipanya. Grim Fandango ilivitupa vyote viwili. Katika hali yake ya msingi mchezaji anatumia kibodi: kitufe kimoja humpeleka Manny mbele kuelekea anakotazama, vingine humgeuza kushoto au kulia kwa kadiri ya mwili wake mwenyewe, si kwa kadiri ya skrini. Hakuna maandishi yanayosema “hapa pana kitu”. Hakuna orodha ya vitenzi chini ya picha. Kuna ishara moja tu: Manny anapokaribia kitu chenye maana, anageuza kichwa kukitazama.

Wakosoaji wengi waliulalamikia udhibiti huu, na si bila sababu. Manny hukwama ukutani, huzunguka kama mlevi mlangoni, na anayeanza humchukua muda kumzoea. Hata hivyo naona kwamba humo ndimo lilimo wazo kubwa la kifani la mchezo. Mchezaji analazimika kumtazama mhusika. Ili kujua ulimwengu una nini, lazima aangalie shingo ya mtu aliyekufa. Usimulizi hapa ni wa nafsi ya tatu iliyofungwa kabisa: hatuoni zaidi ya kile ambacho Manny ameamua kukitazama, na mara nyingi tunakiona baada yake kwa nukta moja. Katika msitu wa Petrified Forest, ambako giza ni kubwa na mandhari ni matupu, mgeuko mdogo wa fuvu ndilo tukio lote. Mwili huu mzito, usiotii upesi, ni mwili wa mtu anayetakiwa kutembea miaka minne. Ugumu wa kumwongoza Manny na ugumu wa safari ya roho vinasema jambo moja.

Toleo la mwaka 2015, lililotengenezwa na Double Fine, kampuni ya Schafer mwenyewe, lilirejesha kishale. Linaruhusu kubofya mahali na kitu, kwa njia iliyotokana na kazi ya mpenzi mmoja wa mchezo aliyekuwa amekwisha kuiunda kwa hiari yake kabla ya toleo rasmi kufikiriwa. Kishale kinapopita juu ya kitu chenye maana, kinajitangaza. Kuanzia hapo jicho la mchezaji linahama kutoka shingo ya Manny kwenda kwenye ncha ya kishale, na linaweza kupekua chumba kizima kabla Manny hajapiga hatua. Tunajua asichokijua. Nafsi ya tatu iliyofungwa imekuwa nafsi maizi.

Toleo hilo halikuuondoa udhibiti wa zamani. Mchezaji anaweza kuuchagua. Lakini kuchagua si sawa na kukuta. Aliyekutana na mchezo mwaka 1998 alipewa mwili wa Manny kama sharti la ulimwengu ule. Anayeuchagua mwili huo leo kutoka orodha ya mapendeleo anafanya ibada ya kumbukumbu. Wahakiki wanaosema mchezo huu “umerahisishwa” na wengine wanaosema “haujabadilika” wanabishana kuhusu matukio mawili ya utendaji kana kwamba ni moja.

Lifti ya Rubacava

Jambo la pili linahusu wakati, nalo ndilo linaloonyesha wazi kuliko yote kwamba mashine ni mshiriki wa utunzi. Katika mwaka wa pili Manny yuko Rubacava, mji wa bandari, ambako mwisho wa mwaka wa kwanza tulimwacha akipiga deki akimsubiri Meche. Tunapomkuta tena anamiliki klabu yake mwenyewe. Moja ya mafumbo ya sehemu hii linamtaka aingize gari la kunyanyulia mizigo ndani ya lifti, kisha lifti ikiwa katika mwendo alisukume mbele kwa wakati uleule unaotakiwa ili uma zake ziikwamishe kati ya ghorofa mbili. Kwenye kompyuta zilizokuwa na kasi kuliko zile ambazo waundaji walizitarajia, lifti ilikwenda kwa namna ambayo fumbo hilo halikuweza kutatuliwa. Hapakuwa na ujumbe wa kosa. Mchezaji alijaribu, akashindwa, akadhani hajafumbua vizuri.

Kisa hiki kina mafunzo kwa nadharia ya fumbo. Tumezoea kusema kwamba fumbo, kama kitendawili, lina jibu lililofichwa katika lugha au katika mantiki. Hapa jibu lilikuwa sahihi na mteguaji alilijua, lakini tendo la kulitamka likawa haliwezekani kwa kuwa fanani wa pili, yaani mashine, alizungumza haraka kupita kiasi. Kasi ya kichakata haikuandikwa katika matini, ilidhaniwa tu. Michezo mingine ya enzi hizo ilijengwa juu ya dhana hiyohiyo. Wing Commander ya mwaka 1990 ni mfano unaojulikana: kwenye mashine za baadaye vita vyake vya angani vilikwenda kasi kuliko uwezo wa mkono wa binadamu, na ndiyo maana emuleta ya DOSBox ina sehemu ya kupunguza kasi kwa makusudi. Anayecheza kwa DOSBox anachagua mwenyewe kasi ya utendaji, kama kiongozi wa kwaya anavyochagua mwendo wa wimbo ambao mtunzi hakuuandikia alama ya mwendo.

ScummVM, inayotumika kwa Grim Fandango, inafanya kazi kwa namna nyingine, na tofauti hiyo si ya kiufundi tu. DOSBox inaigiza mashine. ScummVM, iliyoanza mwaka 2001, haiigizi mashine wala Windows. Inaiandika upya injini ya mchezo, kisha inasoma faili za asili. Tawi lake lililoshughulikia Grim Fandango, lililoitwa ResidualVM, liliunganishwa nayo mwaka 2020. Hili liliwezekana kwa sababu waundaji wa mwaka 1998 walikuwa wametenga hadithi na mashine: mantiki ya visa, mafumbo na mazungumzo iliandikwa kwa skripti za Lua, lugha ya programu iliyozaliwa Brazili mwaka 1993, na skripti hizo zikatafsiriwa na injini wakati wa mchezo. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kinachofanana na mswada wa tamthilia, na kitu kinachofanana na jukwaa. Jukwaa limebomolewa, mswada umepewa jukwaa jipya.

Lakini wajenzi wa jukwaa jipya nao ni wahariri. Wanatumia faili za kiraka rasmi cha 1.01 badala ya hali ya diski ilivyotoka kiwandani, na wameongeza marekebisho yao kwa makosa yaliyokuwemo katika skripti za asili. Fumbo la lifti linatatulika. Ni kazi ya heshima, iliyofanywa bila malipo, na msomaji wa tasnifu za philolojia atatambua mara moja aina ya mkono huu: mkono wa mnakili anayesahihisha kosa dhahiri la aliyemtangulia. Tatizo ni kwamba kosa dhahiri kwa mmoja ni tabia ya mswada kwa mwingine. Aliyekwama katika lifti mwaka 1999 alikuwa na Rubacava ya aina yake, mji usio na njia ya kutokea, na uzoefu huo ni sehemu ya historia ya mapokezi ya mchezo hata kama hakuna aliyeukusudia.

Picha zilizoachana

Kuhusu sura, mengi hayahitaji kurefushwa. Mandhari ya mwaka 1998 yalichorwa mapema na kuhifadhiwa kama picha zenye upana wa nukta 640 kwa kimo cha nukta 480, na wahusika wa pande tatu wakatembea juu yake. Wahuishaji wa mwaka 2015 walisafisha wahusika na kuwapa mwanga na vivuli vinavyobadilika; mandhari kwa sehemu kubwa yalibaki yalivyokuwa. Matokeo ni kwamba Manny ana makali ya leo katika chumba chenye ukungu wa jana. Mwaka 1998 mhusika na chumba vilishiriki uchakavu mmoja, na macho yakauamini ulimwengu huo kwa kuwa ulikuwa na kasoro za aina moja. Kitufe cha kurudi kwenye picha za zamani kimewekwa, na ni cha manufaa makubwa kwa mtafiti. Muziki wa Peter McConnell, ambao baadhi yake ulirekodiwa upya na Melbourne Symphony Orchestra, umepata upana usiokuwepo. Kwa maoni yangu hapo pekee ndipo toleo jipya linaposhinda bila mjadala.

Kuna onyesho moja ambalo limevuka matoleo yote bila kujeruhiwa. Katika klabu ya Blue Casket, wanamokaa washairi na wanamapinduzi wa mdomo, Manny anaweza kupanda jukwaani na kughani shairi ambalo mchezaji analitunga kwa kuchagua mishororo mmoja baada ya mwingine. Halina kishale cha kutafuta wala mwendo wa kukimbizana nao. Ni sauti ya Tony Plana, mishororo, na uamuzi wa anayecheza. Pale utendaji ulipoandikwa ndani ya matini yenyewe, mashine haikuwa na la kuharibu.

Nani anaruhusiwa kusoma

Hoja hizi zingekuwa za starehe ya kinadharia kama matoleo yote yangepatikana kwa usawa. Hayapatikani. Utafiti wa Video Game History Foundation uliotolewa mwaka 2023 ulikadiria kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haiuzwi tena. Mwaka uliofuata, Oktoba 2024, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba ziwape watafiti walio mbali uwezo wa kuifikia michezo ya namna hiyo. Maktaba inaweza kuihifadhi. Msomaji lazima aende hapo ilipo. Kwa mtafiti aliye Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura, maana yake ni viza, nauli na malazi kwa ajili ya kusoma kitu ambacho kwa ukubwa kingeingia katika simu yake mara kadhaa. Wapinzani wa ombi hilo walihofia kwamba watu wangecheza kwa burudani. Sijawahi kusikia maktaba ikimnyima mtu riwaya kwa hofu kwamba ataifurahia.

Grim Fandango imeponea katika asilimia ile ndogo, lakini kwa masharti. Kinachouzwa ni toleo la 2015. Matini ya 1998 inapatikana kihalali kwa aliye na diski za mkono wa pili, na kifaa cha kuzisomea ambacho kompyuta nyingi za mkononi za sasa hazina. Ndiyo maana uhakiki mwingi mpya wa mchezo huu, pasipo kutamka, ni uhakiki wa toleo la 2015 unaonukuu mwaka 1998. Mtahini anayepokea tasnifu ya fasihi yenye kasoro kama hiyo kuhusu utenzi angeirudisha. Naona hakuna sababu ya kulegeza kamba kwa sababu tu matini inawaka.

Kwa hiyo uchambuzi uliomo humu umefanywa kwa njia mbili zifuatazo: faili za diski za 1998 pamoja na kiraka cha 1.01 kupitia ScummVM, kwa kibodi na kwa udhibiti unaofuata mwili wa mhusika. Na toleo la 2015 kwenye Windows 10, kwa kishale na kisha kwa kibodi. Sehemu ya lifti na ya Petrified Forest zilichezwa kwa njia zote mbili kabla ya kuandikiwa. Taarifa kama hizi zinastahili kukaa katika sura ya mbinu za utafiti, pamoja na nambari ya toleo la emuleta, kwa kuwa emuleta nayo hubadilika kila mwaka na hurekebisha makosa ambayo mhakiki wa jana aliyaandikia.

Toleo la 2015 lilitoka tarehe 27 Januari mwaka huo, miezi sita kabla ya Windows 10. Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Duka la Steam, ambamo wengi wamelinunua toleo hilo, liliacha kuhudumia Windows XP na Vista mwanzoni mwa 2019, na Windows 7 na 8 mwanzoni mwa 2024. Nakala inayouzwa na GOG haina kinga ya kuzuia kunakili, hivyo inaweza kuwekwa akiba na kupelekwa kwenye mfumo utakaofuata. Mtahini atakayetaka kuthibitisha yaliyosemwa hapa kuhusu kishale na shingo ya Manny huenda akafanya hivyo kwenye mfumo ambao wahuishaji wenyewe hawakuujaribu, na matokeo yake yatahitaji kuandikwa kando ya haya.